Ondoa Sifuri Moja: Mwongozo wa Kuchapa Kitabu Ukiwa Busia au Tororo

Kabla hujampigia simu mwenye mtambo, iandike kwenye karatasi ile idadi ya nakala uliyo nayo kichwani. Kama ni 3,000, ondoa sifuri moja. Zinabaki 300, na hizo nazo bado ni nyingi, lakini angalau zinaingia chini ya kitanda. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya mwongozo huu. Ukiifuata hiyo peke yake na kuyaacha mengine yote yatakayofuata, nitaridhika.

Nawaandikia watu ninaowafahamu kwa sura: mwalimu mstaafu wa Nambale mwenye riwaya katika madaftari manne, mchungaji wa Malaba aliyeandika kitabu cha ndoa, mama wa Tororo aliyekusanya hadithi za Kidhopadhola alizosimuliwa na nyanya yake, na kijana wa Busia anayetunga mashairi kwenye simu akisubiri abiria. Wote wana la kusema, wana akiba kidogo, na kila mmoja ana shemeji anayemshauri achape nyingi ili bei ishuke. Shemeji ana nia njema. Mpe chai, umsikilize, halafu usimfuate.

Ukipita madukani kutoka Busia hadi Tororo utasikia lalamiko moja: vitabu vimezidi, wasomaji wamekwisha. Ni lalamiko jipya katika eneo letu. Mwaka 1965 mwandishi Taban lo Liyong alilia kwamba Afrika Mashariki ni kame kifasihi. Mwaka huohuo East African Publishing House ikaanzishwa Nairobi, na 1966 ikatoa Song of Lawino ya Okot p'Bitek na The Promised Land ya Grace Ogot. Leo wajukuu wa wasomaji wa enzi ile wanalia mafuriko. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyezaliwa Samia au Bukedi anaweza kumaliza maisha yake asione hata vitabu vitano vilivyoandikwa kuhusu kwao. Vitabu si vingi. Kilicho kingi ni nakala za kitabu kimoja, zilizochapwa kwa pupa kwa ajili ya msomaji ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza lolote.

Sasa tupige hesabu, kwa maana hapa ndipo watu wazima wenye akili timamu wanapopoteza mashamba. Namba nitakazotumia ni za mfano. Weka mahali pake bei utakazopewa wewe. Tuseme kuhariri, kupanga kurasa, kuchora jalada na kutengeneza sahani za mtambo kunakugharimu shilingi 60,000 za Kenya. Gharama hiyo haijali idadi. Uchape nakala kumi au elfu kumi, ni ileile. Baada ya hapo kila nakala inakula karatasi, wino, gundi na kazi ya mikono. Tuseme shilingi 90. Ukichapa 3,000, kila nakala inabeba 20 za ile gharama ya mwanzo, kwa hiyo inasimama kwa 110. Ukichapa 300, kila nakala inabeba 200, inasimama kwa 290. Hapo shemeji anasimama wima: "Unaona? Karibu mara tatu!"

Mwambie akae, sasa tuuze. Bei ya dukani ni 400. Mwenye duka anachukua asilimia 30, yaani 120, wewe unabaki na 280. Kwa nakala 300 ulitoa 87,000. Zikiisha zote dukani unapata 84,000. Umepoteza 3,000. Kwa nakala 3,000 ulitoa 330,000, na ili pesa yako irudi tu, bila faida ya hata sumni, lazima uuze nakala 1,179. Ikiwa wasomaji wako ni walewale 300, umepata 84,000 na 246,000 zimelala stoo. Riwaya ni ileile, jalada ni lilelile, wanunuzi ni walewale. Nakala iliyoitwa rahisi ndiyo iliyokugharimu shamba.

Ile hasara ya 3,000 nayo ina dawa. Uza nusu ya nakala zako kwa mkono wako, bila duka: 150 kwa 400 ni 60,000, na 150 kupitia maduka kwa 280 ni 42,000. Jumla 102,000. Umepata faida ya 15,000, na umewaona kwa macho watu 150 wanaokusoma. Mchapishaji mkubwa wa Nairobi hana bahati hiyo.

Kwa idadi ndogo kama hii, uliza kwanza bei ya mtambo wa dijitali. Hauhitaji sahani, kwa hiyo gharama ya mwanzo inapungua, ingawa kila nakala inapanda kidogo. Uliza bei Nairobi kule Industrial Area, kisha uulize Kampala katika vichochoro vya Nasser Road, ambako mitambo imepangana mlango kwa mlango. Mtu wa mpakani ana uwezo wa kuwashindanisha hawa wawili, na ajabu ni kwamba wengi hatufanyi hivyo. Kingine: kurasa hukunjwa kwa mafungu, mara nyingi ya 16. Kitabu cha kurasa 130 kitakulipisha karatasi ya kurasa 144. Mwombe mhariri akate kurasa mbili, kiwe 128. Sijaona bado kitabu kilichoharibika kwa kukatwa kurasa mbili.

Tukitoka hapo, tuzungumze kuhusu mteja mkubwa kuliko wote, ambaye ni serikali. Huyu muogope. Najua ndoto ya kila mwandishi wa Kenya ni kitabu chake kuidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala ya nchi yake, na wa Uganda anatazama NCDC ya kwao kwa macho yaleyale. Agizo moja la wizara linaweza kuwa kubwa kuliko mauzo ya duka la Busia kwa miaka ishirini. Lakini tazama yaliyotokea. Zamani Kenya ilipeleka pesa kwenye akaunti za shule, na mwalimu mkuu akaja dukani na orodha yake. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2018 wizara ikawa inanunua moja kwa moja kwa wachapishaji, nao wanapeleka vitabu hadi shuleni. Lengo lilikuwa jema: kila mtoto awe na kitabu chake, na ule wizi wa njiani ukome. Duka la vitabu la mji mdogo likabaki na madaftari, kalamu, na wazazi wanaotafuta kitabu cha mtoto aliyepoteza chake.

Kisha mtaala ukabadilika. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa 2023. Fikiria rafu ya vitabu vya marudio vilivyoandikwa herufi hizo nne kwenye mgongo. Hadi mwezi wa mtihani vilikuwa mali. Baada ya mtoto wa mwisho kuweka kalamu chini vikawa karatasi ya kupimwa kwa kilo. Aliyechapa kidogokidogo kila msimu alipoteza kidogo. Aliyejaza stoo ili bei ishuke alipoteza stoo nzima. Hata wale wakubwa, wenye benki nyuma yao, wamepeleka vitabu shuleni na kukaa wakiidai serikali mabilioni ya shilingi. Wao wana mawakili na wana subira. Wewe una mkopo wa sacco na mdhamini ambaye ni jirani yako.

Upande wa Uganda jaribu la kumtegemea mteja huyu lina sura nyingine. Mwaka 2005 katiba ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ukaanza 2020. Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Nilifurahi sana, na bado nafurahia, kwa sababu hapa mpakani Kiswahili hakikuhitaji kuamriwa na mtu: ndicho cha kupatania bei ya mahindi na omena tangu zamani. Lakini uamuzi wa baraza la mawaziri haununui kitabu. Kabla hujachapa kitabu cha Kiswahili cha kuuzwa Tororo, nenda kwenye shule tano, ukamwone mwalimu mkuu, useme, "Shikamoo mwalimu, nauliza tu: mna walimu wangapi wa Kiswahili?" Chapa kwa idadi ya walimu utakaowakuta darasani. Walimu watakaoajiriwa kesho, wasubiri kesho.

Nimefika mahali ninapopajali kuliko pote katika mwongozo huu, kwa hiyo nivumilie.

Busia ina historia ya vitabu ambayo wasomi wa uchumi duniani kote wanaijua, ilhali sisi wenyewe hatuizungumzii. Miaka ya 1990 shirika la Kiholanzi lililojulikana kama International Child Support lilikuwa likisaidia shule za msingi za wilaya za Busia na Teso. Shule zilikuwa na uhaba mkubwa. Watoto wengi walisoma kwa kuchungulia kitabu cha mwenzao. Zikachaguliwa shule 100 zenye shida. Mwaka 1996, shule 25 kati yake zilipewa vitabu vya kiada, na nyingine zikasubiri zamu yao, ili ionekane vitabu vinaleta tofauti gani. Walioifuatilia kazi hiyo ni Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin. Kila mtu angeapa kwamba alama zingepanda. Vitabu vipya, vya bure, vilivyoidhinishwa na serikali, kwa watoto wasio na kitu!

Alama za jumla hazikupanda. Waliofaidika ni wale watoto ambao tayari walikuwa mbele. Wengine wote, vitabu vilipita juu ya vichwa vyao. Matokeo kamili yalichapishwa 2009, na 2019 Kremer alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa kazi za majaribio ya namna hii.

Sababu waliyoitoa ingeweza kutolewa na mama yeyote wa Funyula au Amukura. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kwa watoto wengi wa huku ni lugha ya tatu. Nyumbani ni Kisamia, Kikhayo, Kimarachi au Kiteso. Sokoni ni Kiswahili. Kiingereza ni cha ubaoni. Vitabu viliandikwa kwa kumfikiria mtoto wa mjini ambaye baba yake husoma gazeti la Kiingereza. Mtoto wa kawaida wa Busia hakuweza kuvisoma akavielewa.

Wapo wanaolitumia jaribio hilo kusema kwamba vitabu havisaidii. Hilo linaniuma, maana sivyo lilivyosema. Lilisema kwamba kitabu kisicho na msomaji ni ziada hata pale ambapo watoto wanne wanagombea kimoja. Upungufu na wingi wa kupita kiasi vilikaa kwenye dawati moja. Ndiyo maana sipendi watu wanapohesabu majina ya vitabu yanayotolewa kwa mwaka na kutangaza kwamba tumezidisha. Hesabu waliokisoma kitabu hadi ukurasa wa mwisho.

Basi fanya jaribio lako mwenyewe, dogo, kabla hujalipa mtambo. Piga chapa ya kurasa kumi za mwanzo kwa mashine ya kawaida pale karibu na stendi. Mpe mwendesha boda boda wa Marachi anayesubiri abiria. Mpe fundi cherehani wa Sofia upande wa pili wa mpaka. Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili. Usiwaulize kama kimewapendeza. Watakwambia ndiyo, kwa heshima. Waombe wasome kwa sauti, wewe ukae kimya na penseli. Pale wanaporudia sentensi mara mbili, weka alama. Pale wanapocheka bila wewe kutarajia, weka nyingine. Pale wanapoitazama simu, futa aya nzima. Wakifika ukurasa wa kumi na mmoja wao akauliza, "Sasa huyo msichana alirudi?", unaweza kwenda benki.

Na hapohapo uamue lugha. Ukiandika kwa Kidhopadhola au Kisamia, usimruhusu mtu akwambie kwamba soko ni dogo mno. Soko dogo linalojulikana ni bora kuliko soko kubwa la kubuni. Kitabu cha hadithi za Kidhopadhola chenye nakala 200, kikiuzwa kanisani Tororo na kwenye harusi za ukoo, kitaisha. Kikichapwa 2,000 kwa sababu msamaria fulani ameahidi kusaidia, mchwa watakuwa wasomaji wake wa kwanza.

Kuhusu mchwa: kasha la vitabu lisiguse sakafu wala ukuta. Weka mbao chini, acha nafasi ya kiganja nyuma. Huku kwetu udongo una unyevu karibu mwaka mzima, na mchwa hupanda kwa njia nyembamba ya tope ambayo hutaiona hadi uinue kasha na kitako chake kibaki chini. Watakula nakala za chini kwanza, na ukifungua kwa juu vitabu vitaonekana vizima kabisa. Pindua kasha mara moja kwa mwezi. Ukiona hilo ni kazi nyingi, rudi kwenye aya ya kwanza ukaondoe sifuri.

Sasa mpaka wenyewe. Sisi tuna kitu ambacho mwandishi wa Nyeri au Masaka hana: misimu miwili. Shule za Kenya hufungua Januari, za Uganda kwa kawaida Februari. Kilichobaki Busia mwisho wa Januari kinaweza kuvuka na kuingia Tororo kikiwa bado moto. Lakini angalia kinachovuka ni nini. Kitabu cha kiada cha KICD kikifika ng'ambo hakina mtihani wa kukisubiri, na cha NCDC kikija huku ni vivyo hivyo. Hadithi inavuka. Mashairi yanavuka. Kitabu cha kufuga kuku kinavuka vizuri zaidi kuliko vyote, kwa sababu kuku wa Malaba na kuku wa Tororo wanaugua kideri kilekile. Wapo wazazi wa upande wa Kenya wenye watoto katika shule za bweni za Uganda, na wa Uganda waliopeleka wao huku. Kwao hadithi moja inasomwa kitandani pande zote mbili. Kwa hiyo ukiwa na uchaguzi, andika kinachovuka.

Kuvuka kwenyewe kufanye kihalali. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na marais Kenyatta na Museveni, na faida yake ni kwamba maofisa wa nchi zote mbili unawakuta katika jengo moja, upande unaoingilia. Nenda na ankara inayoonyesha idadi na bei. Kwa shehena isiyozidi dola 2,000 kuna utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo kwa bidhaa zilizotengenezwa katika Jumuiya. Muulize afisa kama vitabu vyako vinaingia humo. Kijana wa baiskeli atakwambia anaijua njia ya mkato. Anaijua kweli; biashara ya boda boda ilizaliwa hapahapa kwa kuvusha watu na mizigo. Ila kasha moja likikamatwa porini ni faida yote ya msimu imekwenda.

Kodi nayo uiweke kwenye bei tangu mwanzo. Sheria ya VAT ya Kenya ya 2013 iliviingiza vitabu kwenye asilimia 16, na wachapishaji wameipinga kwa miaka mingi. Mimi naipinga pamoja nao. Kuna makubaliano ya kimataifa ya kuacha vitabu vipite bila ushuru, ya Florence ya 1950, na nyongeza yake ya 1976 inaitwa Itifaki ya Nairobi kwa sababu ilipitishwa katika mji wetu mkuu. Nchi iliyowakaribisha wageni kupitisha jambo hilo haikupaswa kuwa ndiyo inayomtoza mtoto wa Butula shilingi 16 kwa kila mia ya kitabu.

Bei iwe ya noti. Msomaji wa sokoni halipi 385. Mlipishe 400, au 300 ukiweza. Tuseme shilingi moja ya Kenya ni 28 za Uganda, kwa hiyo 400 ni kama 11,200. Ng'ambo andika 11,000 na usihangaike na chenji. Uwe na namba ya M-Pesa na ya pesa za simu za Uganda, zote mbili nyuma ya kitabu cha risiti.

Madukani peleka nakala kumi kumi kwa mali kauli: zikiuzwa alipe, zisipouzwa urudishiwe. Wamarekani walianza kurudisha vitabu kwa wachapishaji wakati wa mdororo mkuu wa miaka ya 1930, ili wenye maduka waliokata tamaa wakubali kuagiza, na hawajaweza kuacha mpaka leo; malori yanapeleka vitabu na malori yanarudi navyo. Kwako isiwe hivyo. Nakala kumi, daftari lenye sahihi, na wewe mwenyewe kupita kila wiki mbili. Mama mwenye duka akikwambia, "Mwalimu, nimeuza viwili tu, lakini wanaulizia chenye herufi kubwa kidogo," usiudhike. Amekupa bure habari ambayo wakubwa wa Nairobi hulipa watu kuitafuta. Chukua vinne kati ya vile vinane, vipeleke Malaba, mwachie vinne.

Halafu kuna mwizi wa kunakili. Rudi kwenye hesabu yetu utamwona. Yeye hakulipa zile 60,000. Hakuhariri, hakuchora, hakukesha. Anaanzia kwenye 90, na ndiyo maana vitabu teule vya fasihi vinamvutia sana. Wengi hufikiri dawa ni kuchapa nyingi mno ili ajae aibu. Haoni aibu. Yeye huingia pale kitabu kinapotafutwa na hakipo, au kipo kwa bei isiyoshikika. Ukiwa na nakala chache lakini hazikauki dukani, na bei ni ya noti moja au mbili, umemwachia nafasi ndogo. Na ukimwona, ripoti; huo ni wizi hata kama muuzaji wake ni binamu yako.

Bora zaidi, tafuta mnunuzi kabla ya kuchapa. Tanzania walilielewa hili mapema: Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991 ulimhakikishia mchapishaji kwamba sehemu kubwa ya nakala itanunuliwa na kupelekwa shuleni, naye abaki na zilizosalia za kuuza mwenyewe. Mchapishaji akathubutu kutoa hadithi za Kiswahili ambazo asingezigusa kwa pesa yake peke yake. Wewe huna wafadhili wa mradi ule, lakini una parokia, una chama cha akina mama, una shule uliyofundisha miaka thelathini. Andika jina, namba ya simu, idadi, na malipo ya nusu. Ukifikisha majina 120 kwenye daftari, chapa 200. Ukipata 15, chapa 30 kwa mashine ya dijitali, uwagawie waliolipa, na ujue kwamba kazi iliyobaki iko kwenye maandishi, si kwenye mtambo.

Mwisho kuna chapa ya pili, na hii ndiyo yenye pesa. African Books Collective, chama kilichoanzishwa na wachapishaji wa Kiafrika ili kuuza vitabu vyao ng'ambo, kilihamia kwenye uchapaji wa kufuata agizo, na vitabu vya zamani vya Afrika vikaendelea kupatikana bila kukaa kwenye ghala. Fanya hivyohivyo kwa kadiri yako. Omba faili za kitabu chako kwa mpanga kurasa, za ndani na za jalada, uzihifadhi mahali pawili, maana wapo waandishi waliolazimika kupiga chapa upya kitabu chao wenyewe tangu herufi ya kwanza. Nakala zikibaki arobaini, usingoje ziishe. Sahihisha makosa ambayo wasomaji wamekuonyesha, agiza 200 nyingine. Safari hii kuhariri na kuchora kumeshalipwa. Hata nakala ikisimama kwa 150 kwenye mtambo wa dijitali, duka likikulipa 280 unabaki na 130, na kwa nakala 200 hiyo ni 26,000 safi. Shemeji atarudi na pendekezo lake la 3,000. Mpe chai tena, na zile 26,000 mlipe mhariri wa kitabu chako cha pili.